Herufi za Risasi: Habari za Ufundi wa Chapa na Waliojifunza, Kutoka Unguja Hata Buhaya

Izigo ni kata mojawapo ya Wilaya ya Muleba, kusini ya mji wa Bukoba, katika nchi ya Buhaya iliyoko magharibi ya Ziwa Viktoria. Zamani nchi hii ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba. Ni nchi ya migomba na mibuni, na makao ya watu yamefichika ndani ya vibanja, yaani mashamba ya migomba yazungukayo nyumba. Viwanda vya chapa vinavyotajwa na wanahistoria viko kwingine: Unguja, Tanga, Natete, Kashozi. Lakini vitabu husafiri, na msomaji wa Izigo ndiye mwisho wa safari yao. Kwa hiyo yafaa habari hii ianzie kwake.

Mtu akitwaa kitabu cha zamani cha sala, au kitabu cha kwanza cha kusomea, akageuza ukurasa na kupitisha kidole nyuma yake polepole, aghalabu atasikia vijipele vidogo vidogo vimesimama katika karatasi. Hizo ni nyayo za herufi za risasi. Kila kijipele ni mahali ambapo kijiti kimoja cha madini kiliwekwa kwa vidole vya mtu, kikapakwa wino, kikakandamizwa. Vitabu vya siku hizi havina alama hizo, maana hupigwa chapa kwa njia nyingine.

Historia ya chapa katika Afrika ya Mashariki imezoea kuandikwa kwa majina ya maaskofu, wamisionari, magavana na wahariri. Majina hayo yanastahili kutajwa. Lakini kazi ya kupanga herufi ilifanywa kwa sehemu kubwa na vijana wa nchi, ambao walijifunza kwa mkono, wakiwa wamesimama mbele ya kasha, siku baada ya siku. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vijana hao hawakuwa vibarua wa mashine tu. Walipewa herufi zilizosubiwa kwa ajili ya lugha za Ulaya, nao wakazizoeza kusema Kiswahili, Kiganda na Kihaya. Na sehemu ya utaratibu wa lugha zilizoandikwa, ambao leo twauona kuwa wa kawaida, ilipita katika vidole vyao.

I. Ufundi Wenyewe

Kabla ya kueleza waliojifunza, ni lazima kueleza kilichojifunzwa. Watu wa China na Korea walitangulia kupiga chapa kwa herufi moja moja, za udongo na kisha za madini. Katika Ulaya ufundi huo ulianzishwa na Johannes Gutenberg wa mji wa Mainz, Ujerumani, ambaye Biblia yake mashuhuri ya mistari 42 ilikamilika mnamo 1455. Tangu hapo hata karne ya 20 msingi wa kazi haukubadilika sana.

Herufi husubiwa katika kalibu kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Risasi huyeyuka upesi. Antimoni huipa ugumu. Bati huufanya mchanganyiko utiririke na kuingia katika kila pembe ya kalibu. Kila herufi ni kijiti chenye sura ya herufi kichwani, nayo sura hiyo imegeuzwa kama ionekanavyo katika kioo. Vijiti vyote vina kimo kimoja. Kwa kipimo cha Waingereza na Wamarekani ni inchi 0.918, yaani milimita 23 na kidogo. Kijiti kikipungua kimo, hakigusi karatasi, kikizidi, huitoboa.

Herufi hukaa katika makasha yaliyogawanywa vyumba vidogo. Kwa desturi ya zamani herufi kubwa hukaa katika kasha la juu, na ndogo katika kasha la chini. Vyumba vya kasha la chini havikupangwa kwa taratibu ya alfabeti. Herufi zinazotumika sana zimepewa vyumba vikubwa, karibu na mkono. Zile zinazotumika kwa nadra zimesukumwa pembeni. Mpangaji hushika kibao kidogo cha chuma katika mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia huokota herufi moja moja bila kuzitazama sana. Ubavuni mwa kila kijiti mna mfuo mdogo. Kidole gumba kikiusikia, mpangaji hujua kwamba herufi imesimama sawa. Husoma mistari yake kutoka kushoto kwenda kulia, lakini juu chini. Katika hali hiyo b na d hudanganya macho, na n na u huwadanganya hata mafundi.

Mstari ukikaribia kujaa, hutiwa vipande visivyo na sura kati ya maneno, mpaka ukaze katika kibao bila kulegea. Kisha mistari huhamishwa katika sinia, hufungwa kwa uzi, na hupigwa chapa ya majaribio kwa kusahihishwa. Makosa yakiisha kutolewa, kurasa hukazwa ndani ya fremu ya chuma na kupelekwa kwenye mashine. Wino ukizidi, tundu za a na e huziba. Ukipungua, maneno hufifia. Na baada ya yote kazi moja hubaki, ambayo mgeni haioni: kila herufi lazima isafishwe na kurudishwa katika chumba chake. Mwanafunzi aliyerudisha n katika chumba cha u hakulijua kosa lake siku ile. Alilijua juma lililofuata, lilipomtokea katika ukurasa wa mtu mwingine.

II. Unguja

Mwishoni mwa Agosti 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere wa misheni ya Universities' Mission waliwasili Unguja. Mwaka ule ule Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotwaliwa katika chombo kilichobeba watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni. Wamisionari hawakukawia kuanzisha kiwanda kidogo cha chapa, na vijana wa misheni wakafundishwa kupanga herufi. Mnamo 1867 kitabu cha Steere cha kukusanya maneno ya Kishambala kilipigwa chapa papo hapo Unguja.

Yafaa msomaji afikiri hali ya wanafunzi hao. Walikuwa watoto waliotolewa bara kwa nguvu, wakasemwa kwa lugha ya pwani ambayo wengine wao hawakuzaliwa nayo, kisha wakafundishwa kusoma lugha hiyo katika herufi za kigeni. Mpangaji herufi husoma kwa namna ambayo msomaji wa kawaida haijui: hawezi kuruka neno, wala hawezi kubahatisha mwisho wake. Kila silabi hupita mkononi. Kwa hiyo vijana hao waliijua sura iliyoandikwa ya Kiswahili, herufi kwa herufi, kuliko watu wengi waliokisema tangu kuzaliwa.

Ilipofika 1888 katika chuo cha Kiungani, nje ya mji wa Unguja, lilianza kutolewa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, ambalo wanafunzi walishiriki kuliandika na kulitengeneza. Huko Tanga shule ya serikali ya Wadachi nayo ilikuwa na kiwanda chake, na kuanzia 1904 hata 1916 lilitoka humo gazeti la Kiongozi. Shuleni hapo kupiga chapa kulikuwa ufundi mmojawapo wa kufundishwa. Hivyo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza palikuwa tayari na watu wa nchi waliohesabu ufundi huu kuwa kazi yao.

Haifai kudhani kwamba chapa ya Unguja ilikuwa ya wamisionari peke yao. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alianzisha kiwanda chake, na humo vilitolewa vitabu vya Kiarabu vya dini na sheria ya madhehebu ya Ibadhi. Lakini herufi za Kiarabu hushikana, na nyingi kati yake hubadili sura kwa kadiri zinapokuwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Kasha la Kiarabu kwa hiyo huhitaji vyumba vingi zaidi kuliko kasha la herufi za Kirumi, na mwanafunzi wake huhitaji muda mrefu zaidi. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, nacho kiliendelea kunakiliwa hivyo kwa kalamu. Ziko sababu za kidini na za kiserikali zilizoleta herufi za Kirumi. Lakini wepesi wa kasha nao ulikuwa na nguvu yake.

III. Kasha la Kiingereza na Maneno ya Kiswahili

Kiwanda kilipoagiza herufi kutoka Uingereza, hazikuja kwa idadi sawa. Wasubu herufi walizigawa kwa kadiri ya mahitaji ya Kiingereza. Iko hesabu moja mashuhuri ya karne ya 19, iliyotokana na makasha ya wapiga chapa na kutumiwa katika kutunga alama za telegrafu za Morse. Katika hesabu hiyo penye e 12,000 huwapo t 9,000, a, i, n, o na s huwa 8,000 kila moja, w na y 2,000, b 1,600, k 800 tu, j 400, na z 200.

Msomaji yeyote wa Kiswahili ataona tatizo mara moja. Lugha hii haiwezi kusema neno pasipo a. Kila kwa, ku na ki hutaka k; kila wa hutaka w; kila za hutaka z. Na zipo herufi ambazo haizitaki kabisa: q na x hukaa vyumbani mwao zikishika vumbi, na c haitoki ila imeandamana na h.

Methali moja yatosha kuwa mfano: haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23. Kati ya hizo 11 ni a, na 3 ni k. Herufi ya e, ambayo Mwingereza amepewa kwa wingi kuliko zote, haimo hata moja. Mpangaji mwenye kasha la hesabu iliyotajwa hapo juu angeipanga methali hii mara 266, na hapo k zingebaki 2, zisizotosha tena, hali a zaidi ya 5,000 zingali zimelala, na e zote 12,000 hazijaguswa. Bila shaka hakuna kitabu cha methali moja. Lakini ukurasa wowote wa Kiswahili huvuta upande huo huo.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuagiza nyongeza ya herufi zilizopungua, jambo lililohitaji fedha na miezi ya kungoja meli. Ya pili ni kupanga kurasa chache tu, kuzipiga chapa, kurudisha herufi kasha, kisha kupanga kurasa nyingine kwa herufi zile zile. Katika kiwanda kidogo dawa ya pili ndiyo iliyokuwa karibu. Maana yake ni kwamba kitabu hakikusimama chote kwa mara moja mbele ya macho ya msahihishaji. Ukurasa wa 40 ulipokuwa ukipangwa, ukurasa wa 8 ulikuwa umekwisha kuvunjwa. Kama neno liliandikwa kwa namna moja mwanzoni na kwa namna nyingine baadaye, hapakuwa na njia ya kurudi. Aliyeweza kulinda ulinganifu wa tahajia ni yule aliyezipanga kurasa zote mbili na kuzikumbuka.

Jambo la pili ni kukata maneno. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo mkubwa: waliokwishawatengenezea ni neno moja. Likianguka mwishoni mwa mstari mwembamba, mpangaji hana budi kulikata. Wapi? Silabi ya Kiswahili aghalabu huishia katika vokali, na sauti kama mb, nd na ng hazitengani na vokali izifuatazo. Kwa hiyo te-nge-ne-za ni sawa, na ten-ge-ne-za humkwaza msomaji. Wanafu-nzi ni sawa, na wanafun-zi huonyesha kwamba aliyekata alifuata mazoea ya lugha nyingine. Mgeni ahitaji kanuni kwa jambo hili. Mwenyeji husikiliza neno kichwani mwake na kulikata mahali ambapo pumzi ingeliweza kukaa.

La tatu ni ile alama ndogo ya ritifaa. Kung'oa mti ni jambo moja, na ngoa ya moyo ni jambo jingine. Tofauti yao katika ukurasa ni kijiti chembamba ambacho huanguka kwa urahisi, na kikianguka hakionekani sakafuni. Lugha nzima ya wafugaji haiwezi kuandika ng'ombe wake pasipo kijiti hicho.

Mkutano wa Dar es Salaam wa 1925 ulizungumza juu ya tahajia moja ya Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Na tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki. Mashauri hayo yalikuwa makubwa. Lakini kanuni ikiisha kuandikwa katika waraka haijawa bado desturi ya wasomaji. Huwa desturi ionekanapo sawasawa katika kila ukurasa wa kila gazeti, na hapo hutegemea mkono wa mpangaji.

IV. Njia ya Ziwa

Kwa watu wa Buhaya maandishi hayakutoka pwani peke yake. Njia ya karibu zaidi ilikuwa ya kaskazini, kutoka Buganda. Mnamo Novemba 1878 aliwasili huko Alexander Mackay, mhandisi Mskoti wa misheni ya C.M.S. Alichonga herufi kubwa za mti ili awapatie wanafunzi karatasi za alfabeti, na huko Natete akapiga chapa kwa mashine ndogo. Kufikia 1887 sehemu za Injili ya Mathayo kwa Kiganda zilikuwa zimetoka mikononi mwake na mwa wasaidizi wake. Miaka hiyo ilikuwa ya hatari. Tarehe 3 Juni 1886 Wakristo wengi waliuawa kwa moto huko Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kumiliki karatasi iliyopigwa chapa kulikuwa ushahidi wa upande ambao mtu amesimama. Hata jina la waumini kwa Kiganda lilikuwa abasomi, yaani wenye kusoma. Mnamo Julai 1887 Mackay alilazimika kuondoka, akakaa Usambiro, kusini ya Ziwa, ambako aliendelea na kazi za ufundi na tafsiri hata alipofariki tarehe 8 Februari 1890.

Biblia nzima ya Kiganda ilitoka 1896, kwa kazi ya George Pilkington na wenzake wa Buganda. Ilipigwa chapa Uingereza, na toleo moja lake lilipewa umbo la ajabu: kitabu kifupi, chembamba kwa upana na kinene kwa kimo, ili kiingie katika mkebe wa biskuti na kusalimika kwa mchwa. Hapa msomaji ataona kwamba umbo la kitabu si pambo. Ukubwa wa herufi, upana wa mstari na unene wa kitabu hutungwa kwa kufikiri mahali kitakapowekwa, mwanga utakaokisomesha, na wadudu watakaokitamani.

Vitabu vya Kiganda viliteremka Buhaya. Kihaya na Kiganda ni lugha za ukoo mmoja, na aliyejua moja aliweza kuifuata nyingine kwa jitihada. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, mnamo 1892; Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani waliwasili 1910. Kwa hiyo kwa muda mrefu Mhaya aliyetaka kusoma alisoma lugha ya jirani, au Kiswahili cha shule na cha serikali, kabla ya kuisoma lugha ya mama yake. Masikio yake yalikuwa ya nyumbani. Karatasi ilikuwa ya ugenini.

V. Kashozi na Lugha ya Nyumbani

Ndiyo maana kiwanda cha chapa cha Kashozi kina mahali pa pekee katika habari hii. Humo mnamo 1949 kilitolewa kitabu cha Amakuru ga Kiziba, historia ya ufalme wa Kiziba na wafalme wake, kilichoandikwa kwa Kihaya na Francis Xavier Lwamugira, aliyekuwa katibu wa baraza la wakuu wa Bukoba. Mjerumani Hermann Rehse alikuwa amechapisha kitabu chake juu ya Kiziba huko Stuttgart mnamo 1910, kwa Kidachi. Kati ya kitabu kile na hiki kuna umbali mkubwa kuliko miaka 39. Katika kile, Wahaya walielezwa kwa watu wengine. Katika hiki, Mhaya aliwasimulia Wahaya mambo ya wakubwa wao, na maneno hayo yakapigwa chapa ndani ya nchi yao. Katika miaka ya 1950 gazeti la Kihaya lililoitwa Rumuli, yaani mwenge, nalo lilikuwa likisomwa Buhaya.

Kihaya kilimletea mpangaji mashaka mapya. Majina yake hutanguliwa na vokali: omuntu, abantu, ekitabu, ebitabu. Hapo o na e, zilizolala katika kazi ya Kiswahili, huamka. Na b, ambayo Mwingereza aliihesabu 1,600 tu, hutakiwa katika kila jambo la watu wengi na la vitu vingi. Jina lenyewe la kitabu, Amakuru ga Kiziba, lina herufi 15: a 4, k 2, u 2, i 2, na hakuna e, t, n, o wala s. Katika zile herufi saba zilizo nyingi kuliko zote katika kasha la Kiingereza, ni mbili tu zinazopata kazi hapo.

Hata jina la mwandishi lafundisha kitu. Mahali pengine limepigwa chapa Lwamugira, pengine Lwamgira. Kiswahili husema mtu ambapo Kihaya husema omuntu. Kiswahili hupenda kuiangusha u baada ya m, na Kihaya huitunza. Mkono uliozoea kupanga Kiswahili waweza kuiangusha u hiyo pasipo kukusudia. Tena katika lugha hizi za Ziwa l na r hukaribiana sana masikioni, lakini vyumba vyao katika kasha viko mbalimbali. Mpangaji hawezi kuweka sauti iliyo katikati. Lazima achague. Uchaguzi wake ukipigwa chapa katika nakala mia kadhaa huwa ushahidi, na wajukuu huuchukua kuwa ndio tahajia.

Hapa ndipo swali la heshima linapoingia. Mwandishi ametajwa katika ganda la kitabu. Kiwanda kimetajwa chini yake. Yule aliyechagua kati ya l na r, aliyekata maneno mahali yanapopumua, aliyezikumbuka kurasa zilizokwisha kuvunjwa, hakutajwa. Si Buhaya tu. Ndivyo ilivyokuwa Unguja, Tanga na London.

VI. Kuachwa kwa Herufi za Risasi

Katika miji mikubwa mashine za kusubu mistari mizima zilikuwa zimeanza kuchukua mahali pa mpangaji wa mkono tangu mwisho wa karne ya 19. Mashine ya Ottmar Mergenthaler ilianza kazi katika gazeti moja la New York mnamo 1886. Viwanda vidogo viliendelea na makasha yao kwa miongo mingi zaidi. Kisha ikaja chapa ya ofseti, ambayo hutumia bamba la sahani lenye picha ya ukurasa, pasipo kijiti hata kimoja. Na mwishowe kompyuta. Hapana sababu ya kulia juu ya mabadiliko hayo. Vitabu vimekuwa rahisi zaidi, na upungufu wa k umekoma. Vumbi la risasi lilikuwa sumu, na fundi mwenye busara hakula chakula kabla ya kuosha mikono.

Lakini mambo aliyoyajua mpangaji hayakuzeeka. Tangu 1968 hata 1972 mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao mwaka 1979 uliitwa Kagera, ilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na Unesko. Mkulima aliyeanza kusoma akiwa na umri wa miaka 50 hakuhitaji maneno mazuri tu. Alihitaji herufi kubwa, mistari isiyosongamana, maneno yasiyokatwa ovyo, na a isiyozibwa na wino. Herufi hupimwa kwa pointi, na pointi 72 hukaribia inchi moja. Herufi ya pointi 8 humtosha karani mwenye taa nzuri. Mzee asomaye jioni nyumbani aihitaji ya pointi 14 au zaidi. Huo ndio elimu ya umbo la herufi, na mtu hujifunza vizuri zaidi kwa kuzishika kuliko kwa kuambiwa.

Kompyuta hukata maneno ya Kiswahili kwa kanuni za lugha iliyowekewa. Ikiwa imewekewa Kiingereza, hukata wanafun-zi bila haya, na mara nyingi hapana mkono wa kuizuia. Kosa lile ambalo kijana wa Kiungani angelisikia kabla hajaokota herufi, leo hupita mbele ya watu wenye shahada. Kwa sababu hiyo chuo kinachofundisha uandishi wa habari au uhariri wa Kiswahili kingefaidika kwa kuwa na kasha moja, kibao kimoja na mashine moja ndogo ya kukanyagwa kwa mguu. Mwanafunzi akipanga mistari kumi kwa mkono, hatalitazama tena neno refu kwa macho yale yale.

Risasi ina bei, na herufi zisizotumiwa huyeyushwa zikauzwa. Kwa hiyo kazi ya kukusanya yaliyobaki haina muda mrefu. Makasha na mashine zikipatikana, zihifadhiwe. Lakini lililo kubwa ni majina. Katika Bukoba na Muleba, kama katika Unguja na Tanga, ziko jamaa ambazo baba au babu yao alisimama mbele ya kasha. Hao waulizwe: nani alifundisha, kwa muda gani, kwa ujira gani, herufi ipi iliisha kwanza.

Na msomaji wa Izigo mwenye kitabu cha zamani aweza kuanza leo. Afungue ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, au ule wa mwisho kabisa, atafute kwa herufi ndogo maneno yasemayo kimepigwa chapa mahali fulani. Kisha ageuze ukurasa na kupitisha kidole. Pale penye neno lililokatwa mwishoni mwa mstari, alitamke kwa sauti na kuona kama limekatwa mahali pake. Likiwa mahali pake, amekwisha kukutana na mtu ambaye jina lake halikuandikwa.